Kolitisi imelala miaka mingi, lakini kipimo cha ini kimepanda

Mtulivu14

Ndugu zangu, salaam. Huu ni mwaka wa 14 tangu nigunduliwe kolitisi ya vidonda, yaani uvimbe na vidonda kwenye utumbo mpana. Miaka ya mwanzo ilikuwa ya kutokwa damu chooni na kumeza prednisoloni, lakini tangu hapo dawa ya mesalazini imenitosha, na kuna siku ninasahau kabisa kuwa mimi ni mgonjwa. Mwezi uliopita, katika vipimo vya kawaida vya damu, kimeng'enya cha ini kiitwacho fosfatesi alkali kilikutwa kimepanda karibu mara tatu ya kiwango cha juu, ilhali bilirubini, rangi ya manjano ya nyongo, iko sawa, virusi vya homa ya ini havikuonekana na ultrasaundi haikuonyesha mawe. Nilipomweleza daktari kwamba viganja na nyayo huniwasha usiku hata nikaamka, alinyamaza kidogo, akafunua faili langu hadi kurasa za mwanzo kabisa, kisha akaniandikia MRI ya mirija ya nyongo. Kwa woga sikuuliza sababu. Je, ugonjwa wa utumbo uliotulia unaweza kweli kuzua jambo kwenye ini? Na ni madhara gani mengine ya nadra ambayo sisi tuliokaa na ugonjwa huu muda mrefu hatuambiwi?

Shanga_za_Nyongo

Pole, ndugu yangu. Siwezi kukusomea kipimo chako, ila njia unayoipita niliipita miaka 6 iliyopita, na mwisho wake niliambiwa nina kolanjitisi ya makovu. Katika ugonjwa huo mirija ya nyongo, ndani na nje ya ini, huvimba na kuota makovu, ikabana hapa na kutanuka pale, hata kwenye picha ikaonekana kama shanga zilizotungwa kwenye uzi. Ndipo nilipopata jina ninalotumia hapa. Wengi wa wanaoupata wana ugonjwa wa utumbo pia, hasa kolitisi, lakini ukigeuza hesabu, wenye kolitisi wanaoupata ni wachache, takriban 2 hadi 8 katika kila 100.

Jambo lililonichukua muda kulikubali ni kwamba utumbo wa watu wa aina yetu mara nyingi huwa mpole. Kolitisi huenea utumbo mpana wote bila kusumbua sana, na kwa upole huo mgonjwa hudhani amepona, ilhali hatari ya saratani ya utumbo mpana kwake ni kubwa kuliko kwa mwenye kolitisi peke yake. Kwa kawaida uchunguzi wa saratani kwa kolonoskopi, yaani kamera inayoingizwa kwenye utumbo mpana, huanza miaka 8 baada ya dalili za kwanza. Sisi tunaanza siku ile ile ya kugunduliwa, na wengi wetu tunarudia kila mwaka. Saratani ya mirija yenyewe nayo huangaliwa. Hakuna dawa iliyothibitishwa kuusimamisha ugonjwa, na hata kuondolewa utumbo mpana hakulitibu ini. Mirija ikiziba sana hupanuliwa kwa puto, na ini likishindwa hupandikizwa jingine. Ukipata homa yenye kutetemeka pamoja na macho ya manjano, usingoje asubuhi. Nenda hospitali.

Muundi

Mwenzangu ametaja ini, nami nitataja ngozi, kwa kuwa kosa lililonipata linaweza kumpata yeyote humu. Nina ugonjwa wa Crohn, ndugu wa kolitisi unaoweza kushika sehemu yoyote ya njia ya chakula, mwaka wa 19. Kilianza kijipu kidogo kwenye muundi wa mguu wa kushoto. Baada ya siku nne kilikuwa kidonda cha ukubwa wa kiganja cha mtoto, kingo zake za zambarau na zenye uwazi chini yake, kiasi kwamba muuguzi aliweza kupenyeza ncha ya pamba chini ya ngozi, na maumivu yake hayakulingana kabisa na ukubwa wake. Kikadhaniwa ni maambukizi, nikapewa antibayotiki, kisha kikakatwa ili kusafishwa. Siku mbili baadaye kilikuwa kimepanuka maradufu.

Daktari wa tatu ndiye aliyeniuliza kuhusu tumbo langu. Baada ya kuchukua kinyama cha ukingoni kikapimwe na kuondoa uwezekano mwingine, alisema ni pioderma gangrenosumu, ambayo, licha ya jina lake la kutisha, si donda ndugu wala maambukizi, bali ni kinga ya mwili inayoishambulia ngozi. Hali hii huchochewa na jeraha lolote, hivyo kukikata kidonda ni kukilisha. Kilipona kwa steroidi na infliksimabu, dawa za kutuliza kinga ya mwili, kikaacha kovu jembamba kama karatasi. Waliotobolewa tumbo kwa ajili ya mfuko wa choo wafahamu kuwa kinaweza kuota pembeni mwa tundu hilo.

Muuguzi_wa_Wodi

Ninaongeza machache, na kusahihisha kidogo. Fosfatesi alkali hutoka pia kwenye mifupa, na dawa nyingine huathiri ini, kwa hiyo kupanda kwake pekee hakumaanishi kolanjitisi. Kwa upande mwingine, MRI safi haimalizi shauri, maana mirija midogo sana haionekani kwenye picha na wakati mwingine hulazimu kuchukua kinyama cha ini.

Kati ya yote, ninachokihofia zaidi wodini ni damu kuganda kwenye mishipa. Wenye magonjwa haya wana hatari hiyo mara mbili hadi tatu ya watu wengine, na hupanda zaidi ugonjwa unapofumuka. Mguu mmoja ukivimba, au pumzi zikabana ghafla, hilo ni la dharura. Ni nadra, lakini damu inaweza kuganda hata kwenye vena za ubongo, ambako dalili huwa kichwa kuuma kwa namna ambayo mtu hajawahi kuijua. Wagonjwa hushangaa wanapochomwa sindano ya kuzuia damu kuganda huku choo chao kina damu, na baadhi huikataa. Wasiikatae kabla ya kuelezwa, kwa sababu kwa kawaida choo chenye damu si sababu ya kuinyima.

Kwa wenye Crohn wa miaka mingi, mkojo wenye povu lisiloisha upimwe protini, kwani uvimbe wa muda mrefu unaweza kujaza figo protini isiyo ya kawaida iitwayo amiloidi.

Mtulivu14

Ninawashukuru nyote. Nimetafuta ripoti ya kolonoskopi yangu ya mwisho: ni ya miaka 5 iliyopita, na chini yake imeandikwa nirudi baada ya miaka miwili. Sikurudi, kwa kuwa nilijiona mzima. MRI ni Jumanne. Ripoti hiyo nitakwenda nayo.