Mjadala: Mgonjwa asipoweza kusema, nani amsemee? Mume, wazazi, jaji au bunge?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kwenye mada ya wagonjwa mahututi, ndugu mmoja aliandika kwamba majaji wa Marekani walimuua Terri Schiavo kwa njaa, na kwamba bunge lilitaka kumwokoa likazidiwa nguvu na mahakama. Sikutaka kulipitisha hivi hivi. Naona jambo limegeuzwa kichwa chini miguu juu, na linatuhusu hata sisi tulio mbali na Florida.

Kwa ambao hawakulifuatilia: tarehe 25 Februari 1990 Terri, akiwa na miaka 26, alianguka nyumbani, moyo ukasimama. Madaktari waliurudisha moyo, lakini ubongo ulishakosa hewa muda mrefu mno. Tangu siku ile akawa analala na kuamka, anafumbua macho, anahema mwenyewe bila mashine, ila madaktari wa mahakama wakaona ufahamu haupo. Chakula na maji vilipita kwenye mpira uliopenyezwa tumboni.

Mwanzoni mume wake Michael na wakwe zake walimhangaikia pamoja. Wakaja kukosana mwaka 1993, baada ya fedha za fidia kutoka. Mwaka 1998 Michael akaiomba mahakama iamue kama mpira utolewe. Wazazi wakapinga: mtoto wetu anatutambua, anatabasamu tukimsemesha.

Hapo ndipo jaji anapoingia. George Greer hakwenda kumtafuta Terri kitandani. Aliletewa shauri na familia iliyoshindwa kukubaliana, na mtu aliyeletewa shauri lazima aamue. Terri hakuacha maandishi yoyote. Swali likawa moja tu: yeye mwenyewe angetaka nini? Michael, kaka yake na shemeji yao wa kike wakaeleza mambo aliyowahi kuyasema, mengine kwenye chakula baada ya mazishi ya bibi yake Michael aliyekuwa amewekewa mashine. Februari 2000 Greer akasema ushahidi ni wazi na unashawishi: asingetaka.

Niseme ukweli, hapo ndipo mimi huwa napata shida. Maneno ya mezani baada ya msiba, mtu ana miaka ishirini na kitu, yabebe uzito wa uhai wake? Mashahidi wenyewe wote wa upande wa mume? Huyo anayelia na majaji angeanzia hapa, tungeelewana. Lakini hukumu hiyo ilikatiwa rufaa tena na tena, na mahakama za juu zikaikubali.

Sasa tazama wanasiasa walifanya nini. Mpira ulitolewa Aprili 2001 ukarudishwa baada ya siku mbili. Ukatolewa tena Oktoba 2003. Siku ya sita bunge la Florida likatunga sheria iliyompa gavana Jeb Bush mamlaka ya kuurudisha, naye akaurudisha. Mwaka 2004 majaji wote saba wa mahakama ya juu ya jimbo wakaifuta sheria hiyo, kwa kuwa ilitengua hukumu iliyokwisha kutolewa. Ukatolewa mara ya tatu tarehe 18 Machi 2005. Usiku wa Jumapili ya Matawi bunge la taifa likakutana kwa ajili ya mgonjwa mmoja. Kwa kura 203 kwa 58 likapitisha sheria ya kuipeleka kesi yake kwenye mahakama za shirikisho. Rais George W. Bush alikuwa amekatisha mapumziko yake Texas akarudi Washington, akasaini saa saba na dakika usiku. Seneta Bill Frist, ambaye ni daktari wa upasuaji, alikuwa amesimama ukumbini na kutilia shaka walichosema madaktari, kwa kutazama video.

Video, wakuu. Mahakama za shirikisho zikakataa kuamuru mpira urudishwe, na Terri alifariki tarehe 31 Machi. Uchunguzi wa maiti ulionyesha ubongo wake una gramu 615, karibu nusu ya uzito uliotarajiwa, na kwamba alikuwa haoni. Wale waliokuwa wakisema anamfuata mama yake kwa macho walisema kwa mapenzi, siwalaumu wazazi hata kidogo. Mbunge anayepiga kura ana wajibu mwingine.

Na msiniambie ni majaji wa mrengo fulani. Greer alikuwa wa Republican, chama cha kina Bush wenyewe, mtu wa kanisa, na kwa hukumu ile alitishiwa maisha hadi akatembea na walinzi. Kwenye mahakama ya rufaa ya shirikisho, jaji Stanley Birch, aliyeteuliwa na Bush baba, aliandika kwamba sheria ile ya usiku inakiuka katiba. Hata wabunge wa chama pinzani, Democratic, waliopiga kura waligawanyika: 47 wakaunga mkono, 53 wakapinga.

Kwa nini linaniuma? Baba yangu mkubwa alipata kiharusi, akaishi miezi minne na mpira puani. Mimi ndiye niliyekuwa nachuja uji, mara mbili kwa kitambaa, maana punje moja tu inaziba. Unamwinua kwa mito, unasukuma taratibu kwa bomba la sindano, halafu maji kidogo ya kusafishia. Mama mkubwa akawa anasema tumwache apumzike, shangazi anasema mkiutoa mmemuua kaka yangu. Kikao cha ukoo kilikaa mara tatu. Mara ya tatu shangazi alitoka bila kuaga. Mzee alikwenda mwenyewe kabla hatujaamua, na hadi leo wale wawili hawasalimiani.

Basi nauliza: familia ikifika pale, nani aamue? Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji wa kwanza

Pole kwa msiba, mkuu. Lakini umelipita suala la imani. Wazazi wa Terri walikuwa Wakatoliki, na Machi 2004 Papa Yohane Paulo II alitamka kwamba chakula na maji, hata kwa mpira, ni huduma ya kawaida anayostahili mgonjwa, siyo dawa ya kuamua kuendelea nayo au kuiacha. Mwenyewe alikuwa akilishwa kwa mpira puani siku zile zile Terri anakufa, akafariki siku mbili baadaye. Mgonjwa wa mashine ya kupumua ni jambo lingine. Kumnyima mtu maji siku kumi na tatu, jaji amepata wapi ruhusa hiyo?

Mchangiaji wa pili

Mimi nimefanya kazi wodini miaka mingi. Kwetu jaji hamfikii mgonjwa. Anayeamua ni bili. Ndugu wanakuja jioni wanaomba "ruhusa ya kwenda kumtunzia nyumbani", sote tunajua maana yake, daktari anaandika, wanasaini. Hakuna aliyeuliza mgonjwa alikuwa anataka nini. Natamani hata mara moja angekuwepo mtu wa kuuliza.

Mleta mada

Mchangiaji wa kwanza, hoja yako naiheshimu, na kama Terri angekuwa amesema "mimi nafuata mafundisho ya kanisa langu, msiutoe", basi Greer angepaswa kuuacha mpira, na mimi ningekuwa wa kwanza kusema hivyo. Mahakama haikuulizwa kanisa linasema nini. Iliulizwa yeye alisema nini. Ukiwaachia wabunge uamuzi huo, leo watapiga kura upande wako, kesho upande mwingine, na hakuna hata mmoja wao atakayemkalisha shahidi na kumuuliza: ulisikia lini, ulikuwa umekaa wapi, nani mwingine alikuwepo?

Dada wa wodini, ulichoandika nimekisoma mara mbili. Hiyo saini ya jioni naifahamu. Tuliletewa karatasi hiyo siku ya arobaini ya ugonjwa wa mzee, mama mkubwa akashika kalamu, shangazi akamshika mkono.

Naomba wengine mseme, hasa mliowahi kuishika kalamu hiyo: mlijuaje mgonjwa wenu alitaka nini?