Wakuu, paka wangu miguu inapinda na hataki kula. Nimpe nini? (Urambo, Tabora)

Bwana Tumbaku: Heshima kwenu wakuu. Nina paka mdogo, nimemlea tangu hajafumbua macho vizuri. Anakula kuliko sisi wenye nyumba: mnofu wa ng'ombe mtupu, maziwa asubuhi na jioni. Sasa miguu ya mbele inapinda, anachechemea, anaharisha, na nyama anainusa tu. Nimempa dawa ya minyoo, wapi. Sipati usingizi.

Mama Kiloleni: Wa kwangu anakula ugali na dagaa wa Kigoma na panya haonekani ndani. Mnawadekeza mno hao paka.

Fundi Redio: Ana rangi gani?

Bwana Tumbaku: Manjano, madoa meusi. Masikio makubwa, miguu mirefu.

Fundi Redio: Mkuu, huyo mondo, paka wa porini!

Bwana Tumbaku: Wengine wanamwita hivyo. Vijana walimwokota wakisafisha shamba, mama yake kamtelekeza. Ningemwacha afe? Analala miguuni kwangu kila usiku. Waya wa banda nimeshanunua na kibali nitafuatilia, kwa hiyo habari ya kumtoa tuiache. Tuongelee miguu.

Daktari wa Ng'ombe: Miguu inapinda kwa sababu ya huo mnofu mtupu. Nyama bila mifupa haina kalsiamu ya kutosha, mwili unaichota kwenye mifupa yake mwenyewe mpaka inalainika. Porini mondo anameza panya mzima, na ndege, na mifupa yao. Maziwa ya ng'ombe ndiyo yanayomharisha, acha leo. Asirukeruke, mifupa hiyo inavunjika kirahisi. Na kuhusu kutelekezwa, mondo jike huwaficha watoto kwenye nyasi ndefu akaenda kuwinda. Ukimkuta mtoto peke yake, mara nyingi mama yuko njiani anarudi.

Mrina Asali: Marehemu baba alikuwa akirina upande wa Ugalla, kabla haijawa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Jirani yetu alifuga mondo. Alipokuwa mdogo kijiji kizima kilikuja kumshika masikio. Alipokomaa akawa anakojolea kila kitu: godoro, magunia ya mpunga, viatu vya wageni. Mke akahamia kwa wazazi wake. Ukuta hakuuona kitu, anaruka zaidi ya mita mbili kwenda juu. Kuku wetu walikwisha, na mpaka leo hatujalipwa.

Ustadhi wa Ng'ambo: Ndugu yangu, Mtume (s.a.w.) alitueleza habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie. Mfikirie huyo kiumbe kabla ya kujenga banda.

Bwana Tumbaku: Ustadhi, mimi namlisha! Vijana waliniomba elfu thelathini nikawapa, wangemuuza kwa mwingine akachunwa ngozi.

Mchokonozi: Hapa napata harufu ya chai. Mwanzo paka, halafu mondo. Mwanzo kaokotwa, sasa kanunuliwa. Picha hakuna. Wakuu mnatungiwa hadithi hapa.

Fundi Redio: Kweli, tupia picha.

Mama Kiloleni: Hata mimi nilishangaa, dawa ya minyoo kampimiaje?

Bwana Tumbaku: Niweke picha nikamatwe? Sheria ya wanyamapori ya 2009 naijua, bila kibali ni kesi. Mnaniita mwongo wakati mtoto wa dada yangu ana alama za meno mkononi!

Daktari wa Ng'ombe: Alama za meno za nani? Lini?

Bwana Tumbaku: Walikuwa wanacheza, wiki hii. Kidonda kimekauka, nilipaka spiriti. Nikimpeleka hospitali wataniuliza kang'atwa na nini.

Daktari wa Ng'ombe: Achana na miguu ya mondo. Mnyama wa porini, hujui alikotoka, kang'ata mtoto: hiyo ni hatari ya kichaa cha mbwa. Kidonda kukauka si dalili ya usalama, ugonjwa hukaa wiki hata miezi kabla ya kuonekana, na ukishaonekana karibu hakuna anayepona. Mwosheni mtoto kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha hospitali, leo hii. Sema ukweli, ni mondo. Usimuue, usimwachie porini. Hajafundishwa kuwinda na hawaogopi watu. Mfungie, asishikwe na yeyote, uwapigie TAWA, mamlaka ya wanyamapori.

Mchokonozi: Kama ni kweli, basi mwahisheni mtoto. Picha tuiache.

Bwana Tumbaku: Dada amekuja juu, tayari kaita bodaboda. Tunakwenda. Ila TAWA siwapigii mpaka nirudi, nataka kwanza nimwone akila.

Daktari wa Ng'ombe: Sindano ni za awamu. Watakupa tarehe za kurudi, usiruke hata moja. Namba ya TAWA muulize afisa wanyamapori wa wilaya ukiwa njiani.