Wakuu, "hook up" maana yake hasa ni nini? Nahitaji jibu leo

Njiapanda: Habari zenu wakuu. Nimekutana na maneno "hook up" kwenye ujumbe wa Kiingereza. Kamusi inasema kuunganisha mitambo, mara kukutana, mara kumpatia mtu kitu, na maana nyingine siwezi hata kuiandika hapa. Nishike ipi? Usingizi sina.

Fundi Spika: Ni kuunganisha, mkuu. Vitabu vya maelezo ya redio na spika vimejaa neno hilo. Kuna jamaa aligeuza nyaya, chanya akaweka kwenye hasi, muziki ukatoka bila besi, akaja kunigombeza mimi!

Shangazi Mpole: Mwanangu, hakuna anayekosa usingizi kwa sababu ya spika. Ujumbe ni wa nani?

Njiapanda: Wa mchumba wangu, shangazi. Kamwandikia mfanyakazi mwenzake.

Kipanga: Na simu yake uliishika ya nini? Ukimchunguza sana bata, humli.

Mwanasarufi: Tuwekee sentensi nzima. "We hooked up" kwa vijana wa Marekani kwa kawaida ni mapenzi ya kupita, na wao wenyewe hawakubaliani kama ni busu tu au ni hadi kitandani. Mtu mwingine atakuwa anasema walikutana, basi. Lakini "hook me up" mara nyingi ni mtu anaomba asaidiwe kupata kitu.

Njiapanda: "Can you hook me up with Daniel?" Ndiyo hiyo. Nimeshamwambia tuahirishe ndoa.

Mwanasarufi: Hapo anaomba akutanishwe na Daniel. Kama ni kwa kazi au kwa mapenzi, sentensi hiyo peke yake haisemi. Juu yake waliandikiana nini?

Njiapanda: Nafasi ya kazi kwenye kitengo cha huyo Daniel. Lakini kazi si inaweza kuwa kisingizio? Kuahirisha si kuvunja, wakuu. Mwanaume lazima ajilinde.

Shangazi Mpole: Yaani nafasi ya kazi ndiyo unaitaja sasa hivi?

Mzee wa Raketi: Vijana, hamjakutana na "knock up". Mwingereza akikuambia atafanya hivyo asubuhi, anakuja kukugongea mlango uamke. Kwenye miji yao ya viwanda, karne ya 19, watu walilipwa kwa kazi hiyo, wakigonga madirisha kwa fimbo ndefu ili wafanyakazi wasichelewe zamu. Kwenye tenisi ni kupasha misuli kabla ya mechi. Mwambie Mmarekani maneno hayohayo, ataelewa unataka kumpa mimba! Niliwahi kushuhudia mtu akinuniwa kwa hilo.

Msoma Kimya: Hii chai. Juzi huyuhuyu alileta "make out" na kisa cha shemeji. Leo hook up na Daniel. Kesho ataleta nini?

Njiapanda: Ile ya juzi nilimuulizia rafiki. Hii ni yangu, na inaniuma.

Kipanga: Rafiki tena! Mods, funga uzi.

Fundi Spika: Subirini kwanza, "make out" nayo ni nini?

Mwanasarufi: Kuona au kuelewa kitu kwa shida, kama mwandiko mbaya. Pia kubusiana kwa muda mrefu.

Shangazi Mpole: Chai au si chai, nauliza jambo moja. Binti mwenyewe umemuuliza?

Njiapanda: Bado, shangazi. Nataka nikimkabili niwe tayari na jibu.