Eti mimi ni "mkandarasi huru"! Watu wa Kisumu, huyu mnamjua

Simtaji. Ukipita barabara ya Kakamega kabla ya kufika Mamboleo, lango lake unaliona. Kama hajakudhulumu bado, ngoja tu, atakufikia.

Nimetoka ofisini kwake sasa hivi na mikono inatetemeka. Mikate yake naisambaza kwa pikipiki yake, nimevaa jaketi yake, saa kumi na moja alfajiri niko langoni. Nikichelewa, nakatwa. Nikitaka kwenda matanga Bondo, naomba ruhusa kwa maandishi. Juzi Probox ikaniangusha Kondele nikiwa na mzigo wake, mguu ukashonwa. Leo nimepeleka bili ya hospitali. Mama wa HR hata hakuinua macho: "Wewe si mfanyakazi wetu. Wewe ni mkandarasi huru." Nikageuka na magongo yangu, akaniita: "Na hiyo jaketi uirudishe. Ni mali ya kampuni."

MKANDARASI! Mkandarasi ana tingatinga! Na jaketi ina damu yangu! Hiyo damu nayo ni mali ya nani?

*Mzee_wa_Kibuye:* Pole sana kaka. Kuna karatasi ulitia sahihi?

*Mwenye uzi:* Walinipa nikiwa juu ya pikipiki, injini inanguruma, wananipigia kelele mikate inapoa. Lakini mzee, JAKETI!

*NyarNyalenda:* Karatasi waiite wanavyotaka. Mahakama ya Ajira inaangalia kazi yenyewe: nani anakupangia saa, pikipiki ni ya nani, nani anakuadhibu. Hata kibarua wa kutwa, kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamlinda akifanya kazi mfululizo siku zikatimia mwezi. Na kuumia kazini kuna sheria yake ya fidia, ya 2007 pia. Mahakama iko hapa hapa Kisumu. Nenda mapema, madai ya ajira yana mwisho wa miaka 3.

*Mwenye uzi:* Asante dada yangu, nitaenda. Lakini umesikia alivyoniambia kuhusu jaketi? Nikiwa na magongo!

*Tajiri_Mtoto:* Mkandarasi, ukipata zabuni ya barabara ya kwetu Nyamasaria usitusahau 😂😂

*NyarNyalenda:* Cheka tu. Uingereza mwaka 2021 Mahakama ya Juu iliwaambia Uber hivyo hivyo: madereva wao si wakandarasi, wana haki ya likizo na kima cha chini cha mshahara.

*Mkata_Miwa:* Afadhali wewe ulipewa jaketi. Huku kwa miwa tunalipwa kwa tani, panga ni langu, mizani ni yao. Trela limejaa hadi linalia, mizani inasema nusu!

*Naks_Wa_Maua:* Mizani? Huku kwa maua mkataba unaisha, unarudishwa nyumbani kidogo, unaitwa tena kama mgeni. Meneja ananiuliza jina langu kila msimu!

*Mwenye uzi:* Jameni, nyote pole, lakini turudi kwa jaketi.

*Kondele_Halisi:* Hiyo Probox ni ile ya kijani inayobeba samaki alfajiri? Ilinivunjia kioo ikakimbia!

*Mama_Fua:* Ya kijani! Dereva wake ana deni langu la omena tangu Krismasi.

*Mkata_Miwa:* Kwani omena sasa ni pesa ngapi kwa gorogoro?

*Mama_Fua:* Usiniulize bei. Niambie hiyo Probox inalala wapi.