Mafundi wa UPS za ofisini: mnalinda nini kama umeme ukikatika simu zote zinakufa?

Wakuu, hili limechosha. Ofisi inauziwa UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika), fundi anachukua chake anaondoka, na siku umeme unapokatika UPS inapiga mlio wake vizuri kabisa huku simu zote ziko kimya. Ukichungulia nyuma ya raki unakuta seva imechomekwa kwenye betri, lakini kile kiboksi cha faiba kinacholeta intaneti kiko kwenye soketi ya ukutani! Simu ya mezani ya zamani ilipata volti 48 kupitia waya wa kampuni ya simu, ndiyo maana ililia hata gizani. Ya IP, yaani inayopita kwenye mtandao, inategemea kiboksi cha faiba, ruta, swichi ya mtandao na mtambo wa simu unaounganisha simu za ofisi. Kimoja tu kikikosa umeme, hakuna kupiga wala kupokea.

Hata kuchomeka kwenyewe kunakosewa. UPS nyingi zina safu mbili za soketi: moja inatumia betri, nyingine inazuia tu umeme unaoruka. Imeandikwa palepale, someni.

Halafu huu uongo wa VA (volti-ampea, kipimo cha ukubwa kinachoandikwa kwenye UPS). Mteja anaambiwa UPS ya 650VA inabeba wati 650. Haibebi! Nyingi za ukubwa huo zinaishia chini ya wati 400. Chukua ofisi yenye simu 24 zinazolishwa na swichi kupitia kebo ya mtandao, wati 5 kila moja: 120. Swichi yenyewe 30, mtambo wa simu 40, ruta na kiboksi cha faiba 25. Jumla 215. Ndani ya UPS hiyo mara nyingi kuna betri moja ya volti 12, Ah (ampea-saa) 7, yaani wati-saa 84 za kwenye karatasi. Ikinyonywa kwa kasi hiyo inatoa kama nusu yake, kwa hiyo dakika 10 zikifika ushukuru. Anayetaka saa 2 anahitaji UPS inayokubali betri za nje, mathalani mbili za volti 12, Ah 40, na chaja yenye uwezo wa kuzijaza. Chaja ya UPS ndogo itahangaika nazo siku nzima na hazitajaa.

Na printa ya leza itoeni humo. Hita yake ikiwaka inavuta mamia ya wati kwa mkupuo, UPS inazidiwa, ofisi nzima inazimika.

Betri nazo zinasahaulika mpaka zivimbe na kukwama ndani ya kava. Za risasi na asidi zinadumu miaka 3 hadi 5 kwenye nyuzi joto 25, na kila nyuzi 10 zinazoongezeka zinakata umri huo kama nusu. Bado mnazifungia kwenye kabati lisilo na feni! Andikeni tarehe juu ya betri kwa kalamu ya wino mzito. Kila miezi 3 zima swichi ya soketi, usichomoe plagi, ili waya wa ethi (unaopeleka umeme ardhini) ubaki umeunganishwa, kisha hesabu dakika huku simu moja ikiwa hewani.

Radi? Inaingia pia kwa waya wa shaba wa simu na kebo iendayo jengo la pili, na huko UPS nyingi hazizuii kitu. Waya wa simu uwekewe kizuizi cha umeme unaoruka kilichofungwa kwenye ethi ileile ya jengo, na kati ya majengo ipite faiba.

Kuanzia sasa, kwenye ankara tunataka wati, dakika na tarehe ya betri. Bila hivyo hatusaini.