Kuchuchumaa ruhusa, mashine ya kunyoosha mguu marufuku: kwa nini?

Beki_Mstaafu: Ndugu wanajukwaa, nilipandikizwa kano ya mbele ndani ya goti, ile inayokatika sana kwa wacheza mpira, na sasa ninaingia wiki ya saba. Mtaalamu wa fiziotherapia ananiruhusu kuchuchumaa nusu, lakini kwenye mashine ya kunyoosha mguu nikiwa nimeketi, hataki ninyooshe goti kupita digrii 45. Je, kazi yote si ya misuli ile ile ya mbele ya paja? Tena, nikijaribu kuikaza, nyama ya upande wa ndani, juu ya pia ya goti, haishtuki ipasavyo, ingawa sisikii maumivu.

Mkufunzi wa Viungo: Misuli ni ile ile, ila mwelekeo wa mvuto wake hubadilika kadiri goti linavyonyooka. Goti likiwa limekunjwa digrii 90, mvuto wa misuli hiyo hausukumi muundi mbele. Likikaribia kunyooka, muundi huvutwa mbele, na kinachouzuia ni hiyo kano mpya. Uzito wa mashine, kwa kuwa hukaa karibu na kifundo cha mguu, huongeza mvuto huo. Unapochuchumaa huku kiwiliwili kimeinama mbele kidogo, misuli ya nyuma ya paja nayo hukaza na kuurudisha muundi nyuma, wakati uzito wa mwili unabana mifupa pamoja.

Wengi husahau kwamba kano iliyopandikizwa haizidi kuwa imara kila wiki. Hudhoofika kwanza, kabla mishipa ya damu haijaota ndani yake na kuijenga upya, na udhaifu huo huangukia majuma haya haya ambayo mgonjwa anajiona amepona. Kwa hiyo usimwone mtaalamu wako kuwa mwoga.

Nesi_Pwani: Kuhusu nyama isiyoshtuka, tazama kama goti bado lina uvimbe. Katika majaribio ambapo watu wenye magoti mazima walidungwa maji ya chumvi ndani ya kiungo, mililita 20 hadi 30 tu zilitosha kudhoofisha msuli huo wa ndani, pasipo maumivu yoyote. Kiungo kilichojaa maji hutuma taarifa kwenye uti wa mgongo, na amri ya kukaza misuli hupunguzwa huko huko. Ndiyo maana barafu, bandeji ya kubana na kuinua mguu ni sehemu ya mazoezi yenyewe.

Beki_Mstaafu: Nashukuru sana. Uvimbe upo, hasa jioni. Je, nikitumia mpira wa kuvuta badala ya mashine?

Mkufunzi wa Viungo: Mpira huwa mgumu zaidi kadiri unavyovutika, maana yake ukinyoosha mguu utakulemea zaidi pale pale unapokatazwa. Ukiruhusiwa kuutumia, ufunge juu, karibu na goti, na uishie kwenye digrii ulizopangiwa. Goti likiamka limevimba kuliko jana, punguza mzigo.