MREJESHO: Nyumba ya babangu kule Muyeye iliyotaka kupigwa mnada

Asalam aleikum wandugu. Ni mie yule wa Malindi niliyeuliza hapa kuhusu deni la duka, babangu alishindwa kesi kwa hakimu kisha dalali akabandika notisi ya siku 45 mlangoni, juu kabisa ya pazia la mamangu.

Kwanza shukrani kwa alonambia nisingoje, rufaa ya kwenda Hai Koti (Mahakama Kuu) ina siku 30 tu tangu hukumu, sie tulikuwa tushakula 22! Na yule alosema kukata rufaa peke yake hakusimamishi mnada, lazima uombe kando oda ya korti ya kuusimamisha, wallahi huyo ndo katuokoa, maana mie nilidhani ukishalipia faili basi dalali anarudi kwao.

Oda tulipata, lakini jaji akataka dhamana, tuweke nusu ya deni kortini. Tukauza mashua. Mzee hakusema neno, alikunja tanga akampa mnunuzi akaingia ndani.

Rufaa yenyewe tumeshindwa. Deni liko pale pale na gharama juu. Ila ule muda tulopata ukatusaidia kukaa na mdai, akakubali ile nusu na ilobaki tulipe kidogo kidogo kila mwezi, mawakili wakaandika makubaliano yakaingizwa kortini. Ule ushauri wa mmoja wenu hapa, wa kuhamisha hati ya nyumba iende jina la shangazi, sikuufuata, nilipomtajia wakili alinitazama tu nikanyamaza.

Nyumba bado yetu. Notisi tumebandua, gundi ndo haitoki.